Mkono Ulioahidiwa

Mkaguzi wa silaha alining'iniza kijiwe cha mizani kwenye triga ya bastola ya Kimya, akaiinua taratibu, akasubiri. Triga haikufyatuka. Akabandika kibandiko cha kijani ubavuni mwa bastola na kuisukuma mezani kuelekea kwake.

"Bastola imefaulu," akasema. "Mwenye bastola je? Mbona midomo imekukauka hivyo?"

"Mzima tu," Kimya akajibu.

Hakuwa mzima. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa maji mengi kuliko kawaida yake, na bado ulimi ulimganda kama umepakwa gundi. Klabuni walimpa jina la Kimya kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Kazini kwake, kwenye maabara ya kutengeneza meno ya bandia, aliweza kuinamia taya la nta kuanzia asubuhi hadi jioni bila kumsemesha mtu. Watu wakadhani kimya cha mdomo ni kimya cha moyo. Hawakujua kwamba kila alipoinua bastola moyo wake ulipiga mpaka akausikia kwenye ncha ya kidole, na kwamba pale kwenye mstari kazi yake kubwa haikuwa kulenga. Kulenga alijua tangu usichana wake. Kazi ilikuwa kuubembeleza ule moyo.

Leo ulikataa kubembelezwa. Na sababu ya kukataa ilikuwa imesimama mlangoni, mkoba wa bastola mkononi, ikimtazama kwa macho yale yale yaliyomfanya mwaka jana akosee kuhesabu alama zake mwenyewe.

Klabuni walimwita Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kukaa kiti cha pembeni siku nzima, mguu juu ya breki yake ya akiba, huku wanafunzi wakipanda vijia vya waenda kwa miguu na kuparuza kuta. Hakupata kupaza sauti wala kutetemeka. Lakini kwenye shabaha alikuwa na haraka ya ajabu: akiinua, amefyatua. Wenzake walimtania kwamba anasimamisha magari ya watu wote, ila yeye mwenyewe alitoka kiwandani bila breki.

Leo walikuwa jozi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, fainali ya bastola ya upepo. Jozi itakayoshinda ndiyo itakayosafiri kwenda mashindano makubwa ng'ambo. Na tangu ugomvi wao walikuwa hawajaambiana chochote zaidi ya maneno ya mazoezi: tayari, inua, tisa, kumi.

"Kimya," akaita.

"Bastola yako haijakaguliwa. Foleni hiyo hapo."

"Nina neno."

"Neno lako nilishaletewa na shangazi yako."

Breki akainamisha kichwa. Mkaguzi akajifanya anatafuta kibandiko kingine.

Kisa chenyewe kilianza Jumapili Breki alipompeleka Kimya kwao kwa mara ya kwanza. Mama yake Breki alimpokea vizuri, akamkalisha karibu naye, akamuuliza kuhusu kazi ya meno mpaka akafikia kumwonyesha yake mawili ya bandia na kulalamika kwamba yanamchezacheza. Walicheka kama watu waliojuana zamani. Ndipo shangazi mtu, bila nia mbaya, akauliza, "Hivi mlikutana wapi nyie?" Breki akashindwa kusema uongo mbele ya Kimya. Akasema: kwenye shabaha.

Mama akasimama, akaingia chumbani kwake, hakutoka tena.

Baba yake Breki alikuwa mlinzi wa ghala. Alikufa mchana kweupe, kwa bunduki ya mlinzi mwenzake, aliyekuwa akiichezea akiamini haina risasi. Mama akabaki na mtoto mgongoni. Mwanawe alipokua na kuanza kwenda klabu kila mwisho wa juma, alimwambia mama yake kwamba anakwenda kunyoosha viungo. Miaka yote mama aliamini viungo vinanyooshwa.

Kimya alimwonea huruma mama yule, huruma ya kweli. Kilichomkata maini ni kilichofuata. Siku chache baadaye shangazi alimpigia simu, sauti imejaa furaha. "Hongera, mwanangu. Mama amekubali muoane. Kijana wetu amemwahidi kwamba mechi hii ikiisha mnaacha hayo mambo wote wawili."

"Wote wawili?"

"Ndiyo. Wewe na yeye."

Kimya alikata simu, akarudi kwenye meza yake ya kazi, akaona jino alilokuwa akilichonga limevunjika mkononi mwake.

Sasa Breki alimfuata kwenye ujia mwembamba kati ya chumba cha ukaguzi na ukumbi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nusu, harufu ya rangi bado mbichi.

"Nilitaka kumtuliza," Breki alisema. "Alikuwa hali chakula. Alikuwa halali. Nikasema kitu cha kumtuliza."

"Uliahidi mkono wangu."

"Kimya..."

"Ungeahidi wako, ningelia, lakini ningekuelewa. Ni mama yako, na alichokipitia hakina mfano. Lakini ukachukua na wangu, ukaufunga pamoja na wako kama mzigo mmoja, ukampelekea. Hukuniuliza. Hata ujumbe wa simu hukunitumia."

"Nilijua utakataa."

"Basi ulijua jibu. Na ukaahidi hivyo hivyo."

Kimya alitamani Breki aseme chochote, hata uongo, kwa sababu uso ule ulipokaa kimya ulizidi kumvuta. Aliutazama mkunjo mdogo kando ya jicho lake, mkunjo uliotokana na kufumba jicho moja miaka na miaka, akakumbuka siku aliyougusa kwa kidole. Akageuza macho yake ukutani.

"Leo nitapiga risasi na wewe kwa sababu jina langu liko karibu na lako kwenye ubao," akasema. "Mechi ikiisha, kila mtu ashike njia yake."

"Hilo ndilo unalolitaka?"

"Umeanza lini kuniuliza ninachokitaka?"

Akaondoka.

Mjomba wake alikuwa akimngoja kwenye benchi la wachezaji. Ndiye kocha wao, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtia bastola mkononi kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha heshima, na hakupenda kuona mtu akikimbia.

"Nimewasikia," akasema. "Na mkaguzi amewasikia. Nadhani hata mafundi rangi wamesikia."

"Samahani, Mjomba."

"Samahani ya nini? Keti." Alimsogezea chupa ya maji, kisha akabadilisha mawazo na kuirudisha. "Acha maji sasa, utaomba ruhusa ya chooni katikati ya fainali. Nisikilize. Leo utaogopa, na umekasirika, na umependa. Mambo matatu. Ukianza kupigana nayo utachoka kabla ya risasi ya kwanza. Yakaribishe. Yaambie yaketi. Kila moja na kiti chake. Lakini bastola usiyape."

"Nikishindwa?"

"Utashindwa na utakula chakula cha mchana kama sisi wengine."

Kimya alitabasamu kidogo. Mjomba akamshika bega, kisha akamtupia Breki, aliyekuwa anakuja kutoka kwenye ukaguzi, jicho la mtu ambaye hajaamua kama atasalimia.

Wapinzani wao walikuwa kaka na dada, mabingwa watetezi. Walifanana hata namna ya kusimama, mguu wa kushoto mbele kidogo, kidevu juu. Sheria ya fainali ilikuwa rahisi na katili. Kila mmoja wa wanne anapiga risasi moja ndani ya muda mfupi. Alama za jozi zinajumlishwa. Jozi yenye nyingi inapata pointi mbili, wakilingana wanagawana. Jozi ya kwanza kufikisha kumi na sita ndiyo bingwa. Hakuna pa kujificha. Kila risasi yako inasomwa na ukumbi mzima kwenye skrini kubwa, na ikiwa mbaya, aliye karibu yako ndiye anayeilipia.

"Pakia," refa akasema.

Kimya akaweka kirisasi kidogo kwenye bastola. Akalegeza taya. Akavuta pumzi, akaisukuma chini mpaka tumboni, kama alivyofundishwa. Pumzi ikafika kifuani ikakwama.

"Anza."

Aliinua mkono. Macho yake yalitakiwa kukaa kwenye kijino kidogo cha mbele cha bastola, kile cha kulengea, na kuacha duara jeusi la shabaha liwe ukungu. Mkono wa mtu aliye hai hauwezi kutulia kama nguzo, na Kimya alilijua hilo vizuri. Mlengaji mzuri anaukubali mtikisiko wake, anakaza kidole polepole ndani yake, na risasi inatoka kama vile haikutolewa na mtu. Lakini siku ambayo akili haipo, mlengaji anaanza kuwinda. Anangoja mkono utulie kabisa. Hautulii. Anangoja zaidi, unazidi kutikisika, na mwishowe anafyatua kwa hasira.

Hivyo ndivyo alivyopiga tisa, kisha nane na nusu, kisha tisa tena. Pembeni yake Breki alikuwa akipiga vizuri, haraka haraka kama kawaida yake, kumi na kitu, kumi na kitu, lakini kumi yake haikutosha kuifunika nane ya Kimya. Mara mbili tu walichukua pointi.

Ilikuwa wakati wa kupakia upya ndipo Kimya alipoinua macho kuelekea viti vya watazamaji, kosa ambalo Mjomba alimkataza tangu utotoni. Safu ya tatu, pembeni kabisa, alikaa mwanamke aliyejifunga mtandio wa zambarau, viganja vyote viwili vimeziba masikio. Kila mlengaji alipofyatua, mabega yake yaliruka.

Alikuwa mama yake Breki.

Amekuja kuniangalia, Kimya akawaza. Amekuja kuhakikisha ni ya mwisho. Akasikia "anza" kama vile inatoka chumba cha pili. Akainua. Kijino cha mbele kikaruka juu na chini kwa mpigo wa damu yake, juu, chini, juu. Akafyatua ili tu liishe.

Saba nukta nane.

Ukumbi ukaguna. Nne kwa kumi. Dada wa wale ndugu wawili akamnong'oneza kaka yake kitu, na kaka akaitikia kwa kichwa bila kutabasamu.

Mjomba akanyoosha mkono juu. Kila kocha aliruhusiwa kusimamisha mechi mara moja, dakika moja tu. Refa akakubali. Mjomba akaja mpaka mstarini, akasimama kati yao, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kuhusu bastola sina la kuwafundisha," akasema. "Mliyonayo moyoni, semeni. Mimi naangalia saa."

Breki akaanza mara moja. "Mama yuko hapa."

"Nimemwona."

"Mimi ndiye niliyemleta."

Kimya akageuka. "Umemleta aje kuona tunavyoacha?"

"Hapana. Leo asubuhi nilimwambia nilimdanganya mara mbili. Mara ya kwanza, kuhusu kunyoosha viungo. Mara ya pili, nilipoahidi jambo ambalo si langu. Nikamwambia mkono wa Kimya hauko chini yangu, na kama akitaka kuusemea, aje auone kwanza unafanya nini. Hilo ndilo neno nililotaka kukuambia kule mlangoni."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Akavaa viatu."

Kimya akahisi macho yakimchoma. "Usiniombe msamaha sasa hivi," akasema haraka. "Ukiniomba nitalia, na nikilia sitaiona hata shabaha."

"Sikuombi. Nakwambia tu pumzi yako imekwama kifuani. Nimekuwa nikiisikia tangu tumeanza. Inanifanya na mimi nisahau kupumua."

"Wewe umeisikia pumzi yangu?"

"Kila siku huwa naisikia. Ndiyo ninayoifuata."

Mjomba akakohoa. "Muda unakaribia. Mwanangu, yule mama pale juu ana hofu yake. Muachie. Huwezi kumbebea na ukabeba na bastola. Wewe," akamgeukia Breki, "akiinua, na wewe inua. Usimkimbie."

Alipoondoka, Kimya alifumba macho. Hakujaribu kumfukuza mama mwenye mtandio. Alimwacha akae pale alipokaa. Hakujaribu kuifukuza hasira. Ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imekaa sasa, haijasimama. Akashusha pumzi. Safari hii ikateremka mpaka chini, ikatulia huko kama maji yanavyotulia mtungini.

"Anza."

Kijino kilitikisika. Akakiacha kitikisike. Akakaza kidole, polepole, polepole, na risasi ikamshtua mwenyewe ilipotoka.

Kumi nukta nne. Breki kumi nukta moja.

Sita kwa kumi. Kisha nane. Ndugu wale wawili wakachukua moja, wakafika kumi na mbili, lakini yule dada alikuwa ameanza kufuta kiganja kwenye suruali kila baada ya risasi. Kimya hakumtazama. Hakutazama skrini. Alijua tu kwamba kila alipoinua, kando yake kulikuwa na mkono mwingine unaoinuka, na kwamba kwa mara ya kwanza Breki alikuwa anachelewa kwa makusudi ili wafike pamoja. Kumi kwa kumi na mbili. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Watazamaji, ambao kwenye mchezo huu huwa wapole kama watu wa maktaba, walianza kupiga miguu sakafuni.

Kumi na mbili kwa kumi na nne.

Kumi na nne kwa kumi na nne.

"Risasi hii ndiyo itakayoamua," mtangazaji akasema, kana kwamba kuna mtu hajui.

Ukumbi ukazizima. Kimya akapakia. Jasho lilimteremka nyuma ya sikio, akaliacha. Alisikia kinywa chake kikiwa kikavu kabisa tena, na moyo ukaanza upya kwenye ncha ya kidole, kwa nguvu kuliko wakati wowote siku ile.

"Anza."

Aliinua. Upande wa kulia bastola ya kaka ikalia, kisha ya dada. Breki alikuwa ameinua pamoja naye, akamngoja, akamngoja... hapana, hakuweza kungoja zaidi. Ile haraka ya zamani ikamshinda, naye akafyatua. Ukumbi ukatoa sauti ambayo Kimya hakujua maana yake. Sasa alibaki yeye peke yake. Macho yote yaliyokuwa mle ndani yalikuwa juu ya mkono wake.

Kijino kilikuwa kinaruka. Akakaza kidole nusu ya njia. Akahisi ile tamaa anayoijua, tamaa ya kumaliza, ya kuvuta tu na kuondoka kwenye macho ya watu.

Akaushusha mkono.

Mtu mmoja kwenye viti akasema "lo" kwa sauti. Saa iliyokuwa mbele yake ilikuwa inakwenda. Mjomba alikuwa amesimama, mikono imefungwa nyuma, hakusogea. Kimya akaweka bastola juu ya meza bila kuiachia, akatoa pumzi yote, akavuta mpya, akaishusha. Akainua tena. Saa ilikuwa inakaribia mwisho. Hakuiangalia. Kijino, duara, ukungu. Kidole.

Kumi nukta saba, risasi yake bora siku ile.

Akageuka kuitazama skrini kwa mara ya kwanza. Ndugu wale wawili: kumi na tisa nukta tisa. Wao: kumi na tisa nukta saba. Breki alikuwa amepiga tisa kamili.

Wale ndugu walikumbatiana. Makofi yalianza upande mmoja, yakasambaa ukumbi mzima. Breki alikuwa amesimama palepale, bastola mezani, mikono imening'inia.

"Nimekuangusha," akasema.

Kimya alitafuta ndani yake ile hasira iliyokuwa imekaa kitini, akaona kiti ni kitupu. Alikuwa na huzuni tu, huzuni ya kawaida ya kushindwa.

"Tumeanguka pamoja," akasema. "Mimi nilianza kuanguka mapema zaidi. Wape mkono wenzako."

Wakawapa wale ndugu mikono. Wakakaguliwa bastola zao kwamba ni tupu, wakazifungia kwenye mikoba. Mjomba akawapita bila neno, akatoka nje kwenda kwenye gari lake; alikuwa mtu ambaye akishindwa anahitaji kwanza kupangusa kioo cha mbele.

Walipoinua macho, mama alikuwa ameshuka ngazi. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani. Alimpita mwanawe kama vile anapita mlango uliofunguliwa, akasimama mbele ya Kimya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akaitazama shabaha. "Ile ya mwisho. Uliinua, kisha ukaishusha."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Haikuwa tayari. Mimi sikuwa tayari. Moyo ulikuwa umetangulia mkono."

"Na saa ilikuwa inakwisha. Na watu wote sisi tunakukodolea macho."

"Risasi ikishatoka hairudi, Mama."

Mama akatafuta benchi kwa mkono, akaketi, na Kimya akaona jinsi alivyochoka. Alikuwa amebana mabega mechi nzima.

"Yule mwenzake baba yake," mama akasema, akimwonyesha Breki kwa kidevu, "alisema alikuwa anatania tu. Kwenye msiba alipiga magoti mbele yangu akasema, shemeji, nilikuwa natania tu. Mimi tangu siku ile nilidhani kila anayeshika kitu hicho ni mtu wa kutania. Sikujua kama kuna mtu anaweza kukiinua mbele ya halaiki halafu akakishusha kwa sababu moyo wake hauko sawa."

Kimya akachuchumaa mbele yake.

"Sauti ile sitaizoea," mama akaendelea. "Usinitake niizoee."

"Sitakutaka, Mama."

"Na wewe sitakutaka uache. Nilitaka, sikatai. Nilimbana mwanangu, akachagua maneno ya uongo kwa sababu yalikuwa mepesi. Lakini nyumbani kwangu hicho kimkoba kisiingie. Kikae kwenu, kikae klabu, kikae popote. Kwangu uje mikono mitupu."

"Nitakuja mikono mitupu."

"Na haya meno bado yananichezacheza."

"Nitayaona, Mama. Nitakuja na vifaa vyangu vya meno tu."

Mama akasimama, akajifunga mtandio upya. Ndipo alipomgeukia mwanawe. "Na wewe mnyoosha viungo, tutaonana nyumbani." Akaenda zake kwenye mlango, akitembea kama mtu aliyetua mzigo lakini bado mgongo unauma.

Breki na Kimya walibaki wenyewe kati ya viti vilivyoanza kukunjwa. Mfanyakazi wa ukumbi alikuwa anazungusha nyaya za skrini mkononi.

"Sikukuuliza siku ile," Breki akasema. "Naomba nikuulize leo."

"Uliza."

"Si jambo moja. Unataka kuendelea kulenga?"

"Nataka."

"Na mimi?"

"Hilo la kwako. Amua mwenyewe, kisha uniambie ulichoamua. Usimtume shangazi."

"Nataka kuendelea. Na nimeshamwambia Mama hivyo, hata kama atakaa mwezi bila kunisemesha." Akasogea hatua moja. "La pili. Utakubali nikuoe? Baada ya yote haya, na baada ya tisa yangu?"

Kimya alimwangalia. Alijiruhusu kuutazama uso wote sasa, bila kukimbilia ukutani. Alijua anampenda, hilo halikupata kuwa swali hata siku jino lilipovunjika mkononi mwake. Swali lilikuwa kama mtu huyu anaweza kusimama akangoja jibu lisilojulikana. Naye alikuwa amesimama, anangoja, hana haraka.

"Nakubali," akasema.

Breki akapeleka mkono kuushika wake, akasita hewani. "Naruhusiwa?"

"Hilo huna haja ya kuuliza."

Wakashikana mikono. Kisha Kimya akaelekeza kidevu chake nje, kupitia mlango wa kioo, ambako Mjomba alikuwa anapangusa kioo cha gari kwa nguvu kama vile kilimkosea.

"Mimi nimekubali. Lakini aliyenilea yule pale, na leo hana furaha. Umemkosesha safari ya ng'ambo kwa nukta mbili."

"Niende sasa hivi?"

"Nani amekuzuia?"

Breki akamwachia mkoba wake. Akanyoosha kola, akapiga hatua, akasimama, akapiga tena. Alisukuma mlango wa kioo uliotakiwa kuvutwa. Akauvuta. Kimya alimfuata kwa macho mpaka alipofika karibu na gari, akamwona akiweka mikono nyuma kwa adabu kabla ya kusalimia, na hapo mgongoni, mahali ambapo Mjomba hakuweza kuiona, mikono ya mwalimu wa udereva ilikuwa inatetemeka.

Mjomba akaacha kupangusa. Akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka kichwani.

Kisha akamkabidhi kitambaa, akamwonyesha kioo cha nyuma.